2,147,483,647: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu namba tasa uliyonayo mfukoni

Chukua kibubu. Tarehe 1 Januari tia shilingi moja, tarehe 2 tia mbili, tarehe 3 tia nne, tarehe 4 nane, na uendelee kuzidisha mara mbili kila siku. Tarehe 31 peke yake itakudai shilingi 1,073,741,824. Ukivunja kibubu usiku huo utakuta shilingi 2,147,483,647 kamili, na hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga. Fungu hilo huwezi kuwagawia watu wawili kwa usawa, wala saba, wala kumi na watatu, wala elfu moja. Ama linamwendea mtu mmoja, ama wanakuja watu 2,147,483,647 na kila mmoja anaondoka na shilingi yake. Ni namba tasa.

Maswali haya nimeyakusanya kwa wanafunzi wa hisabati na kwa vijana wanaotunga programu. Makundi haya mawili hukutana na namba hii kwa milango tofauti, na mara nyingi kundi moja halijui kwamba la pili linaifahamu.

## Inasomwaje, na kwa kifupi inaandikwaje?

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, mia nne themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Kwa kifupi ni 2³¹ − 1, yaani mbili ijizidishe mara 31 kisha utoe moja. Shika sana huo ufupisho. Karibu kila sifa utakayoisoma hapa chini inatokana na jambo hilo moja, kwamba namba hii imepungukiwa na moja tu ili iwe kipeo cha mbili.

## Tasa maana yake nini hasa? Na 1 je?

Namba tasa ina vigawo viwili tu, yaani namba zinazoigawa bila baki: 1 na yenyewe. Moja ina kigawo kimoja, kwa hiyo haimo. Mbili ndiyo namba tasa pekee iliyo shufwa.

## Kwa nini 31? Kipeo kingine hakifai?

Kuna sharti la kwanza: kipeo chenyewe, ile namba ndogo ya juu kama 31 katika 2³¹, lazima kiwe namba tasa. Tuchukue 15, ambayo ni 3 × 5. 2¹⁵ − 1 ni 32,767, nayo inagawanyika kwa 7, ambayo ni 2³ − 1, na inagawanyika kwa 31, ambayo ni 2⁵ − 1. Kigawo cha kipeo huacha alama yake ndani ya namba kubwa, na hakuna namna ya kukwepa.

Lakini sharti hilo halitoshi, na hapa wengi huteleza. Kumi na moja ni tasa, ila 2¹¹ − 1 ni 2,047, sawa na 23 × 89. Kwa hiyo kipeo tasa hukupa ruhusa ya kuuliza swali, hakikupi jibu.

Namba tasa za umbo hili huitwa namba tasa za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa ambaye mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Alikosea kwa 67 na 257, na akaviacha 61, 89 na 107 ambavyo vilistahili kuwemo. Kwa 31 alipatia. Hata hivyo kupatia si kuthibitisha, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo inayonifanya niipende historia ya namba hii.

## Basi nani alithibitisha?

Kabla ya Mersenne, Pietro Cataldi wa Bologna alikuwa ameshaonyesha mwaka 1588 kwamba 2¹⁷ − 1 (131,071) na 2¹⁹ − 1 (524,287) ni tasa. Njia yake ilikuwa ya jasho: kugawa kwa kila namba tasa iliyo chini ya kipeuo cha pili cha namba anayoichunguza, yaani ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inairudisha namba hiyo. Kisha akadai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Katika madai hayo manne moja tu lilisimama. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa, aliangusha 23 na 37 mwaka 1640, na Euler akaangusha 29 karibu miaka mia baadaye. Lililobaki ni 31, na mtu angeweza kusema Cataldi alibahatisha.

Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, ndiye aliyelimaliza suala hili, katika barua kwa mmoja wa wanahisabati wa ukoo wa Bernoulli mwaka 1772. Wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa. Alitegemea kumbukumbu yake na wasaidizi waliomwandikia alichokitamka. Sijui namna ya kulieleza hili bila kuguswa: namba ya tarakimu kumi, mtu asiyeona karatasi, na mwisho wake ni uhakika ambao haujatikiswa tangu siku hiyo.

## Alifanyaje? Asingeweza kujaribu kila namba.

Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo nitalijibu polepole.

Ili uwe na uhakika kwamba namba ni tasa, inatosha kuigawa kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na ushei. Chini ya hapo kuna namba tasa 4,792. Kugawa mara 4,792 kwa mkono, kila mara ukigawa namba ya tarakimu kumi bila kukosea hata mara moja, ni kazi ya kumchosha yeyote. Euler akauliza kwanza: kama kigawo kipo, kitakuwa cha sura gani?

Tukiite q, na tukichukulie kuwa ni tasa. Ikiwa q inagawa 2³¹ − 1, basi ukigawa 2³¹ kwa q unabaki na 1. Sasa fuata vipeo vya mbili kimoja kimoja, 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila mara ukiandika baki tu baada ya kugawa kwa q. Mabaki hayo yanazunguka kama mtu anayezunguka uwanja: yanaanzia 1, yanakwenda, yanarudi 1. Tunajua kwamba baada ya hatua 31 yamerudi. Kwa hiyo urefu wa mzunguko mmoja lazima uigawe 31. Lakini 31 ni tasa! Mzunguko ni wa hatua 1 au wa hatua 31. Wa hatua 1 hauwezekani, maana ungedai kwamba 2 na 1 zina baki lile lile. Basi ni 31.

Fermat naye alikwisha kutufundisha kwamba, kwa namba tasa q yoyote iliyo witiri, mabaki hayo hayo hurudi 1 baada ya hatua q − 1. Kwa hiyo q − 1 ni kigawe cha 31, yaani 31 iliyozidishwa kwa namba nzima fulani. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa. Weka pamoja: q − 1 ni kigawe cha 62. Kigawo chochote tasa cha namba yetu lazima kizidi kigawe cha 62 kwa moja.

Chujio la pili ni zuri zaidi. Ikiwa 2³¹ inabakiza 1, basi 2³² inabakiza 2. Lakini 2³² ni kipeo cha pili cha 2¹⁶, yaani 2¹⁶ × 2¹⁶. Maana yake, katika ulimwengu wa mabaki ya q, namba 2 ina kipeuo cha pili. Na hilo hutokea tu pale ambapo q ikigawanywa kwa 8 inabakiza 1 au 7.

Unganisha machujio mawili, utaona kwamba q ikigawanywa kwa 248 lazima ibakize 1 au 63. Basi. Namba za sura hiyo hadi 46,340 hazifiki 380, na zilizo tasa miongoni mwao ni takriban 80. Namba tasa ya kwanza ya kujaribu ni 311. Inabakiza 35, si kigawo. Baada ya hapo unaruka mpaka 1,303, halafu 1,489. Hebu fikiria: kati ya 2 na 1,302 kuna mamia ya namba tasa, na imebaki moja tu ya kuhangaika nayo. Euler alipita hivyo hadi mwisho, na hakuna hata moja iliyogawa bila baki.

Ukitaka kuionja hoja hii kwa namba ndogo, rudi kwa 2,047. Kwa kipeo 11, vigawo vinapaswa kuzidi vigawe vya 22 kwa moja: 23 ni 22 + 1, na 89 ni 88 + 1. Na lile dai la Cataldi kuhusu 23? Namba ya kwanza inayopita machujio yote mawili ni 47, na 47 inagawa 8,388,607 barabara. Angekuwa na machujio haya, Cataldi angelikana dai lake kwa kugawa mara moja tu.

## Siku hizi kuna njia fupi zaidi?

Ipo, na inafaa kwa namba za Mersenne peke yake. Inaitwa jaribio la Lucas na Lehmer: Édouard Lucas aliweka misingi yake katika karne ya 19, na Derrick Lehmer akalinyoosha katika karne ya 20. Anza na 4. Ipandishe kwenye kipeo cha pili, toa 2, chukua baki baada ya kugawa kwa namba unayoichunguza. Rudia. Idadi ya marudio ni kipeo ukitoa 2. Ukimalizia kwenye sifuri, namba ni tasa. Usipomalizia kwenye sifuri, si tasa.

Kwa 31, yaani 2⁵ − 1, marudio ni matatu. Nne inatoa 14. Kumi na nne inatoa 194, ambayo ikigawanywa kwa 31 inabakiza 8. Nane inatoa 62, na 62 inabakiza sifuri. Umemaliza.

Kwa 2,147,483,647 marudio ni 29 tu. Ukijaribu kwa kikokotoo cha simu uwe mwangalifu, kwa sababu katikati ya njia unapata namba za tarakimu 19, na vikokotoo vingi vitazikadiria bila kukuambia. Tumia lugha ya programu inayohesabu namba nzima kubwa bila kupoteza tarakimu.

Wanafunzi huniuliza pia kama wanaweza kutumia lile jaribio rahisi la Fermat kwa msingi wa 2: ipandishe 2 kwenye kipeo kilicho pungufu ya namba yako kwa moja, gawa kwa namba yako, uone kama inabakiza 1. Kwa familia hii halina faida yoyote. Hata 2,047, ambayo tumeona ni 23 × 89, hulipita jaribio hilo bila shida. Kila namba ya umbo hili yenye kipeo tasa hulipita, iwe tasa isiwe tasa.

## Je, ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote?

Hakuna namba tasa kubwa kuliko zote. Euclid, Mgiriki wa kale, alilithibitisha hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini miongoni mwa zile zilizokuwa zimethibitishwa, yetu iliongoza tangu 1772 hadi katikati ya karne ya 19. Mwaka 1876 Lucas alionyesha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa, na hiyo ikakaa kileleni mpaka zama za kompyuta.

Peter Barlow, mwanahisabati Mwingereza, aliandika mwaka 1811 kwamba namba timilifu (nitaieleza hapa chini) inayozaliwa na yetu ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa namba hizi ni za kustaajabisha tu na hazina manufaa, na hakuna mtu atakayejisumbua kutafuta nyingine. Aliwakadiria watu vibaya. Oktoba 2024 ilitangazwa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320, iliyopatikana na Luke Durant kupitia mradi wa GIMPS, ambamo watu wa kujitolea hutoa nguvu za kompyuta zao kwa kazi hii. Ni ya familia ile ile: mbili kwenye kipeo, toa moja.

## Namba timilifu ndiyo nini, na inahusiana vipi?

Namba timilifu ni ile inayolingana na jumla ya vigawo vyake, ukiiacha yenyewe. Sita ni 1 + 2 + 3. Ishirini na nane ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Kila namba tasa ya Mersenne huzaa namba timilifu moja: izidishe kwa kipeo cha mbili kilicho hatua moja chini. Yetu, ikizidishwa kwa 2³⁰, inatoa 2,305,843,008,139,952,128, namba timilifu ya nane.

Sababu utaiona kwenye kibubu. Vigawo vya namba hiyo kubwa ni fedha ulizotia kila siku, 1, 2, 4 hadi 2³⁰, pamoja na fedha hizo hizo zikizidishwa kwa 2,147,483,647. Jumla ya fungu la kwanza ni 2,147,483,647. Jumla ya mafungu yote mawili ni 2,147,483,647 mara 2³¹, yaani mara mbili ya namba yenyewe. Toa namba yenyewe, inabaki namba yenyewe. Euclid alikijua kipande hiki. Euler akaongeza kwamba namba timilifu zote zilizo shufwa zinapatikana kwa njia hii tu.

## Ina pacha? Majirani zake ni akina nani?

Namba tasa pacha hupishana kwa 2, kama 11 na 13. Yetu haina pacha: 2,147,483,645 inaishia na 5, na 2,147,483,649 inagawanyika kwa 3. Jirani tasa wa chini ni 2,147,483,629, wa juu ni 2,147,483,659. Katika foleni ya namba tasa zote kuanzia 2, yetu ni ya 105,097,565.

Hatua moja pembeni, mambo hubadilika ghafla. Namba inayoifuata, 2,147,483,648, haina kigawo tasa kingine ila 2. Inayoitangulia, 2,147,483,646, ni 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Vigawo vidogo vidogo vitupu. Tutavihitaji kidogo mbele.

## Naweza kuiandika kama jumla ya vipeo vya pili?

Ndiyo, na inakuhitaji vinne kamili. Namba inayobakiza 7 ikigawanywa kwa 8 haiwezi kamwe kuwa jumla ya vipeo vya pili vitatu, na yetu inabakiza 7. Mwanahisabati Joseph-Louis Lagrange alithibitisha kwamba vinne vinatosha kwa namba yoyote. Nilikaa na karatasi nikapata huu:

46,339² + 425² + 10² + 1² = 2,147,483,647

Usianze na 46,340, ingawa ndiyo namba kubwa inayoingia. Itakupotezea muda: ukitoa kipeo chake cha pili unabaki na 88,047, ambayo nayo inabakiza 7 kwa 8, kwa hiyo vipeo vitatu vilivyobaki havitaifikia.

## Kwa nini namba hii hii ipo kwenye kompyuta? Waliichagua kwa kuwa ni tasa?

Hapana. Kompyuta nyingi huhifadhi namba nzima katika biti 32, yaani nafasi 32 ambazo kila moja ni 0 au 1. Biti moja hutumika kutenganisha chanya na hasi, zinabaki 31. Ukiziwasha zote 31 unapata 1 + 2 + 4 na kuendelea hadi 2³⁰. Ni kibubu chetu kile kile. Hiyo ndiyo namba kubwa ya mwisho. Kwa upande wa hasi mwisho ni −2,147,483,648.

Kuwa kwake tasa ni sadfa. Kwenye biti 16 mwisho ni 32,767, na tumeona si tasa. Kwenye biti 64 mwisho ni 9,223,372,036,854,775,807, ambayo inagawanyika kwa 7. Biti 8 zinatoa 127, hiyo ni tasa.

Desemba 2014 ulimwengu uliisikia namba hii pale watazamaji wa video moja ya muziki ya Korea Kusini walipoipita kwenye YouTube, na hesabu ya watazamaji ikahamishiwa kwenye biti 64. Kwetu ukingo huu uko karibu zaidi. Mfumo unaohesabu fedha kwa senti ndani ya biti 32 hugonga ukuta kwenye shilingi 21,474,836 na senti 47. Kwa shilingi ya Tanzania hiyo si fedha ya serikali, ni bei ya gari lililotumika.

## Namba za simu za wateja wangu wote zimegeuka 2147483647. Nimedukuliwa?

Hujadukuliwa. Umeweka namba ya simu kwenye safu ya namba nzima ya biti 32. Namba ya Tanzania ikianza na 255 ina tarakimu 12, iko mbali sana juu ya ukingo. Baadhi ya hifadhidata, MySQL ikiwa mojawapo isipowekwa katika hali kali, hazikatai namba iliyozidi. Huikata na kuweka kubwa kuliko zote inayoingia, kisha huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Niliwahi kukabidhiwa orodha ya wateja wa duka moja ikiwa hivyo, mamia ya watu wenye namba moja ya simu. Inauma kumweleza mwenye duka kwamba namba zile hazirudi. Zilizokatwa zimekatwa, kama hakuna nakala ya zamani au daftari, itabidi wateja waulizwe upya.

Namba ya simu haijumlishwi wala haizidishwi. Ihifadhi kama maandishi. Utaokoa pia sifuri ya mwanzo, ambayo safu ya namba huimeza.

## Nasikia tarehe 19 Januari 2038 kompyuta zitachanganyikiwa. Kweli?

Mifumo mingi huhesabu saa kwa sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za dunia, ambapo Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa saa tisa usiku. Sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Bujumbura, Kigali na Bukavu itakuwa saa 11 na dakika 14 alfajiri. Mfumo unaotunza sekunde hizo kwenye biti 32, ukiongeza moja, unaangukia kwenye hasi na kudhani ni tarehe 13 Desemba 1901.

Simu na kompyuta mpya nyingi zimekwisha kuhamia biti 64. Linux iliweka msaada huo hata kwa mashine za biti 32 kuanzia toleo la 5.6 mwaka 2020. Wasiwasi wangu uko kwenye vifaa vinavyofungwa ukutani na kusahaulika, na kwenye hifadhidata za zamani. Kama unatunza mfumo wa mikopo ya miaka 20, tatizo hilo si la 2038. Tarehe za marejesho ya mwisho zimekwisha kupita ukingo.

## Inatumikaje kutengeneza namba za nasibu, zinazoonekana kama za kubahatisha?

Hapa ndipo kuwa kwake tasa kunapofanya kazi ya kweli. Chukua namba yoyote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646. Izidishe kwa 16,807, ambayo ni 7⁵. Gawa kwa 2,147,483,647, chukua baki. Rudia. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, kisha 984,943,658. Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza njia hii mwaka 1988 kama kiwango cha chini ambacho kila mtu anapaswa kukifikia, na bado imo kwenye maktaba sanifu ya C++.

Uzuri wake ni kwamba itapita kwenye namba zote 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi ilikoanzia. Hilo linahitaji kizidishio ambacho mzunguko wake haukatiki mapema, na ili kukijaribu unapaswa kuvijua vigawo tasa vya 2,147,483,646. Ndiyo ile orodha fupi niliyosema tutaihitaji. Saba ndiyo namba ndogo kuliko zote inayozunguka uwanja mzima, na kwa kuwa 5 haina kigawo cha pamoja na 2,147,483,646 isipokuwa 1, basi 7⁵ nayo inazunguka mzima.

Faida nyingine ni wepesi. Unakumbuka shuleni tulivyopata baki la kugawa kwa 9 kwa kujumlisha tarakimu? Kwa 4,738 unajumlisha 4 + 7 + 3 + 8, unapata 22, kisha 2 + 2, baki ni 4. Inawezekana kwa sababu 9 imepungukiwa na moja ili iwe 10. Namba yetu imepungukiwa na moja ili iwe 2³¹, kwa hiyo kompyuta hufanya vivyo hivyo: inakata jibu la kuzidisha vipande vya biti 31, inavijumlisha, imemaliza. 282,475,249 × 16,807 ni 4,747,561,509,943. Kipande cha juu ni 2,210, cha chini ni 1,622,647,863. Jumla, 1,622,650,073. Hakuna kugawa kokote.

## Basi naweza kuitumia kutengeneza nywila au kulinda siri?

Usithubutu. Akijua namba moja tu iliyotoka, mtu yeyote anaweza kukokotoa zote zinazofuata. Inafaa kwa michezo na majaribio madogo. Namba tasa za kulinda siri hupita tarakimu mia kadhaa pale zinapozidishwa mbili mbili, na lazima zifichwe, ilhali hii inajulikana na kila mtu. Ila ujanja wa kukaa karibu na kipeo cha mbili haukutupwa: 2²⁵⁵ − 19 na 2⁵²¹ − 1, zote tasa, zinatumika hadharani katika mifumo ya kulinda mawasiliano kwa sababu ya wepesi ule ule wa kujumlisha vipande.

## Nikiifanya yenyewe kuwa kipeo, napata namba tasa nyingine?

Swali hili huulizwa na mwanafunzi aliyeanza kuona mpangilio. Tano ni tasa. 2⁵ − 1 ni 31, tasa. 2³¹ − 1 ni namba yetu, tasa. Kwa nini mnyororo usiendelee?

Mbili kwenye kipeo cha 2,147,483,647, ukitoa moja, ni namba ya tarakimu zaidi ya milioni 646. Hakuna haja ya kuiandika ili uihukumu. Hoja ya Euler inatuambia sura ya kigawo: kizidi kigawe cha 2 × 2,147,483,647 kwa moja. Na kipo. Zidisha 2,147,483,647 kwa 137,490, ongeza 1, unapata 295,257,526,626,031, nayo inaigawa namba ile kubwa bila baki. Mnyororo wa 5 umekatika hapo.

Mnyororo wa 2 ni mrefu zaidi: 2, 3, 7, 127, kisha 2¹²⁷ − 1, zote tasa. Inayofuata baada ya hapo hakuna aliyeweza kuamua mpaka leo kama ni tasa au si tasa.